Kutu Chini ya Nta

Lori lilikuwa limelala ubavu yadini, hivyo Eucabeth Moraa hakuhitaji kutambaa chini yake. Tumbo lote lilikuwa wazi mbele yake kama ukuta: chesisi, ekseli, tangi la mafuta, na paipu nyembamba za breki zilizopita juu ya chuma kama mishipa ya mkono. Aliwasha tochi ingawa jua la Riyadh la saa nne asubuhi lilikuwa linawaka. Mwanga wa pembeni humwonyesha mtu mikwaruzo ambayo jua kali huifuta.

Alikuwa mkaguzi wa magari yaliyopata ajali, katika ofisi moja ya Sulimaniyah iliyokodiwa na kampuni za bima. Mwaka wa sita sasa tangu atoke Kisii na shahada yake ya uhandisi. Alikwisha kukagua malori ya maji, ya kokoto, ya kuku. La kumwaga chumvi barabarani hakuwa amewahi kuliona kabla ya wiki hii.

Kampuni ya barabara iliyolimiliki ilikuwa nayo manne. Iliyanunua mapya kwa ajili ya njia moja ya milimani, kaskazini kabisa, ambako siku chache za kila majira ya baridi theluji huanguka na lami ikateleza kama sabuni. Lori husukuma theluji kwa jembe la mbele na kumwaga chumvi nyuma ili barafu iyeyuke. Shida ni kwamba chumvi hiyo hiyo hula chuma. Kwa hiyo kila jioni dereva huliosha lori, na kila kiangazi lori hupelekwa gereji, likaoshwa chini mpaka mifupa, likakaushwa, kisha likapuliziwa nta maalumu ili chumvi ya msimu unaofuata isiguse chuma.

Siku kumi zilizopita lori hili, namba tatu, lilikuwa linateremka mlima. Dereva, Jackton Odhiambo, alikanyaga breki na mguu ukazama mpaka sakafuni. Lori likagonga mwamba na kupinduka. Jackton alivunjika mkono. Kibarua aliyekaa kando yake, Morgan, baba wa watoto watatu kutoka Vihiga, alikufa hapo hapo.

Barua ya kampuni kwa bima ilikuwa fupi. Dereva hakuwa akiosha lori, chumvi ikala paipu, kosa ni lake. Polisi walikuwa wanangoja ripoti ya Eucabeth. Ikikubaliana na barua hiyo, Jackton angetolewa katika chumba alichopanga mtaa wa Batha na kupelekwa kizuizini, plasta yake mkononi.

Eucabeth alipapasa paipu ya nyuma mpaka kidole kikafika penye ufa. Ulikuwa chini ya klipu, mahali paipu inaposhikwa kwenye chesisi. Pembeni mwa ufa nta ilikuwa nzima, laini, ya rangi ya asali. Akatoa kisu kidogo akaikwangua.

Chini yake hakukuta chuma. Alikuta maganda mekundu na meusi yaliyobanduka kama magamba ya samaki, na katikati ya maganda, unga mweupe. Aliukusanya unga huo katika mfuko mdogo wa plastiki, akaandika tarehe na saa.

Hakupenda alichokiona. Kutu inayoletwa na barabara huanzia nje. Hutoboa nta kwanza, ndipo ifike kwenye chuma. Hapa ngozi ilikuwa nzima na nyama imeoza.

Alichungulia nyuma ya vizuia tope na juu ya ekseli, mahali chumvi hujificha lori lisipooshwa. Palikuwa safi.

"Lile kule nalo lilikuwa mlimani?" alimuuliza mlinzi wa yadi, akionyesha lori jingine la rangi ileile ya machungwa kando ya ukuta.

"Namba moja. Lilirudi juzi, giaboksi imekufa."

Eucabeth alitandika katoni, akaingia chini ya namba moja kwa mgongo, akatafuta klipu ileile. Alikwangua nta. Chuma kikang'aa kama sarafu. Alikwangua sehemu nne nyingine, na zote zikang'aa.

Mlima uleule, chumvi ileile, misimu ileile miwili. Akatoka chini ya lori na kujifuta vumbi, akawa hamwamini mtu yeyote.

*

Jackton alikuwa amekwisha kufika kwenye mkahawa wa Batha, nyuma ya maduka ya kutuma pesa. Alikuwa mwanamume mrefu aliyekaa kwa kujikunja. Kikombe chake cha chai ya maziwa kilikuwa kimepoa bila kuguswa.

Eucabeth aliweka mezani daftari la kuoshea lori.

"Saini ni zako?"

"Zangu, madam."

"Siku thelathini na nne. Kalamu moja, mwandiko mmoja, hata mstari mmoja haukupinda. Uliziandika lini?"

Jackton alitazama mlango. "Siku moja tu. Mwisho wa Disemba."

"Kwa hiyo hukuwa unaosha."

"Nilikuwa naosha. Kuandika ndiyo sikuwa naandika. Msimamizi wa kambi alisema wakaguzi wanakuja, jaza kitabu. Nikajaza."

"Ukajaza na siku ambazo hukuosha."

"Siku mbili. Maji yaliganda kwenye mpira."

"Zipi?"

Alizitaja bila kufikiri. Eucabeth aliziandika. Angezilinganisha na taarifa za hali ya hewa baadaye. Mtu huyu alikuwa amedanganya kwa kalamu, na hakuona sababu ya kumwamini kwa mdomo peke yake.

"Kule kambini mliosha na maji gani?"

"Ya boza, lile lori la maji. Hayo hayo tuliyokuwa tunakunywa."

"Na mwezi wa tano lori lako lilipakwa nta wapi?"

"Jeddah. Mimi nilipeleka namba tatu, Brayo akapeleka namba nne. Namba moja na mbili zilifanyiwa hapa hapa Riyadh, gereji nyingine."

"Mlisimama kuangalia kazi?"

"Tulifika Jumapili. Wakatuambia yalla, nendeni, mrudi Ijumaa. Jumatano wakapiga simu, malori yako tayari."

"Mapema hivyo?"

"Mimi ni dereva, madam. Nikiambiwa endesha, naendesha." Aliuinua mkono wa plasta, akaushusha taratibu mezani. "Nilikanyaga mara nne. Niulize hilo. Kila mtu ananiuliza kuhusu maji, hakuna anayeniuliza kuhusu breki. Mara nne, na Morgan ananiambia vuta ya mkono, na nimeshaivuta."

Eucabeth alifunga daftari. Nje, kondakta wa basi alikuwa akiita abiria wa Dammam.

"Usihame chumba chako," alimwambia. "Na simu usizime."

Bosi wake, Bwana Turki, alimsikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Barua ya kampuni ina kila kitu. Wewe una nini?"

"Nina lori namba moja. Halina kutu."

Bwana Turki alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufunga mafaili Alhamisi, kabla ya wikendi, na Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

"Siku moja ya Jeddah," alisema. "Halafu halas, imetosha, unaandika."

*

Jeddah ilimpokea kwa unyevu ulioshika nywele na miwani. Gereji ilikuwa kusini mwa mji, katika eneo la viwanda, si mbali na bahari. Mwenyewe hakuwepo. Aliyekuwepo ni fundi mkuu, Naftali Wambua, mtu wa Machakos, miaka hamsini na kitu, ovaroli yake imepigwa pasi.

"Karibu nyumbani, dadangu," alisema kwa Kiswahili kabla hata hajaonyeshwa kitambulisho. "Tuliposikia Injinia ni Mkenya, tulifurahi."

Aliletewa chai kabla hajaomba, kiti kabla hajachoka, na faili kabla hajauliza. Eucabeth alikunywa chai na kuhesabu hayo matatu moyoni.

Faili lilikuwa safi kuliko daftari la Jackton. Cheti cha namba tatu kilisema: limeoshwa chini kwa maji matamu, limekaushwa, limepuliziwa nta mara mbili. Saini: N. Wambua. Cheti cha namba nne kilikuwa nakala yake.

"Nionyeshe nta," alisema.

Alikuwa amekuja na wazo lake tangu kwenye ndege. Mafundi wengine huchanganya nta na oili chafu ili ipulizwe mbali. Naftali alimpeleka stoo, akamwonyesha mapipa sita. Lakiri zilikuwa nzima, namba za kiwandani zilifanana na za kwenye faili. Alifungua pipa mbele yake. Eucabeth alichovya vidole, akapaka kwenye kipande cha kioo, akakiinua kwenye dirisha. Nta ilikuwa safi, bila uchafu, ya rangi ya asali kama aliyoikwangua Riyadh.

"Umeridhika?" Naftali alitabasamu.

"Na hii, ndiyo. Mlikausha muda gani?"

"Siku moja na nusu. Mafeni yale mawili, mchana na usiku."

Alihesabu. Kufika Jumapili, kuosha Jumatatu, kukausha, kupuliza Jumatano asubuhi. Ilitosha; hawakupuliza nta juu ya chuma kibichi. Mawazo yake mawili yalikuwa yamekufa kabla ya saa sita, na Naftali bado alikuwa anatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomkalisha. Mtu aliyekaguliwa na kukutwa safi huanza kuchoka na mgeni. Huyu alizidi kuwa mkarimu.

Nta ilikuwa imemganda vidoleni.

"Sinki iko ofisini," Naftali alisema haraka. "Twende nikupeleke."

"Si kuna bomba hapo?" Ukutani, mahali pa kuoshea malori, palikuwa na bomba na kipande cha sabuni juu ya tofali.

"Hilo ni la magari, dadangu."

"Mikono yangu haiwezi kuwa na makuu kuliko lori."

Akafungulia. Alisugua sabuni kiganjani, akasugua tena. Povu halikutoka. Sabuni ilikatika vipande kama maziwa yaliyoganda, ikamshika vidole pamoja na nta. Aliendelea kusugua, macho yake yakizunguka. Kwenye misumari ukutani zilining'inia pua tano za mpira wa kuoshea, zote zimetafunwa na kutu mdomoni. Pampu iliyokuwa chini yake bado ilikuwa na plastiki ya dukani.

"Pampu mpya?"

"Ya mwezi uliopita."

"Na ya kabla yake?"

"Iliharibika."

"Na ya kabla ya hiyo?"

Naftali alikuwa anatazama mikono ya Eucabeth.

Eucabeth aligusa ulimi kwa kidole kilicholowa, akaonja chumvi. Kisha akafungua mkoba, akatoa kijiti cha kupimia chumvi iliyoyeyuka majini, akajaza vikombe viwili vya plastiki: kimoja bombani, kimoja kwenye sinki ya ofisini. Maji ya ofisini yalisoma miligramu mia moja na hamsini kwa lita. Ya bomba la malori yalipanda, yakapanda, yakasimama kwenye elfu nane na mia mbili. Alipiga picha vipimo vyote viwili, akamwekea Naftali simu mbele ya macho.

"Haya maji yanatoka wapi, fundi?"

"Tunaletewa na boza."

"Boza la kubeba bahari?"

Naftali alifunga bomba ingawa lilikuwa limeshafungwa. "Kuna kisima nyuma," alisema mwishowe. "Kilichimbwa mwaka juzi. Maji matamu ya boza ni ya ofisi na ya kunywa."

"Cheti kinasema maji matamu. Saini yako."

"Saini yangu iko kwenye kila karatasi hapa."

"Ulijua?"

"Sabuni ilinigomea siku ya kwanza kama ilivyokugomea wewe. Nilimwambia bosi. Nikamwambia tena. Akasema maji ni maji, gari si mtoto mchanga."

"Ulimwambia kwa maandishi?"

"Dadangu." Sauti yake haikuwa na ukarimu tena. "Wewe kafili wako, huyo anayekushikia kibali, umeshawahi kumwandikia barua ya namna hiyo?"

Eucabeth hakuwa amewahi. Alimwonyesha ule mfuko mdogo wa unga mweupe.

"Hii nimeikwangua chini ya nta yako. Mlilowesha lori chumvi, mkalikausha, maji yakaenda na chumvi ikabaki. Halafu mkaipulizia nta mara mbili juu yake. Unyevu wa hewa ya hapa ukaingia nao chini ya nta. Mliifungia kutu ndani, ikala miezi minane bila mtu kuiona. Gereji ya Riyadh iliosha kwa maji matamu na lori lao linang'aa. Jackton aliosha kila jioni, alikuwa anaosha juu ya nta. Angeosha mpaka mikono itoke ngozi, asingeifikia."

"Nilidhani nta itashikilia. Mwaka mmoja, miwili."

"Nahitaji maelezo yako. Yameandikwa na kusainiwa."

"Sina maelezo." Naftali alirudi nyuma hatua moja. "Ikama yangu ya kuishi hapa inaisha mwezi wa nne. Nikiandika neno moja, bosi hataihuisha. Nina wawili chuo kikuu. Chukua maji yako kwenye kikombe, madam, uende nayo Riyadh. Waambie uliyateka mwenyewe."

Wangesema hivyo hivyo, Eucabeth alijua: kwamba aliyateka kokote alikotaka. Kesho kisima kingefunikwa zege, na neno la dereva mwenye daftari la uongo lingesimama peke yake. Akamtazama yule mtu wa ovaroli iliyopigwa pasi na kujiuliza kama alikuwa mwoga tu, au alikuwa sehemu ya jambo. Bado hakuweza kusema.

Alianza kukusanya vikombe. Katikati ya kazi hiyo mikono yake ikasimama.

"Namba nne mliiosha siku gani?"

"Siku hiyo hiyo. Bomba hilo hilo."

Eucabeth alitafuta namba ya kambi ya milimani, akapiga, akaweka sauti ya nje na simu juu ya pipa. Ilikuwa saa nane mchana. Aliyepokea ni Cliff, karani wa redio.

"Cliff, ni Eucabeth Moraa, mkaguzi wa bima. Namba nne iko wapi?"

"Iko kazini, madam. Imeanguka theluji alfajiri. Brayo amepanda na chumvi tangu saa saba, yeye na kibarua wake Robinson."

"Ameanza kuteremka?"

"Bado. Anageuza huko juu."

"Mwambie asiteremke. Aegeshe mahali tambarare, aweke mawe kwenye magurudumu, azime injini."

"Kwa amri ya nani? Msimamizi ataniuliza."

"Yangu. Akikuuliza, mpe namba hii. Mwambie sasa, Cliff."

Walisikia redio ikikoroma, jina la Brayo likiitwa mara moja, mara mbili. Naftali alikuwa amesimama pale pale, kitambaa cha kufutia mikono kikining'inia. Mara ya tatu ikajibiwa.

"Amesimama," Cliff alisema. "Anauliza kuna nini."

"Achukue bisibisi, aingie chini upande wa kushoto nyuma. Kuna klipu inayoshika paipu ya breki. Akwangue nta hapo, polepole. Na kabla hajaingia, Robinson ashuke, asimame mbali na lori."

Zilipita dakika tano, labda sita. Nje ya gereji mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati, akaacha. Kisha sauti nyingine ilisikika, ndogo, ikipitia redio na simu, yenye upepo ndani yake.

"Madam, ni Brayo. Nimekwangua kidogo tu. Imekuja na chuma chake. Mafuta ya breki yanatoka." Upepo ukakatiza. "Yalikuwa yanadondoka. Sasa yanatiririka."

"Hilo lori lisisogee hata hatua moja. Shukeni kwa miguu."

"Nilikuwa nimeshaweka gia," Brayo alisema.

Eucabeth alimshukuru Cliff na kukata simu. Alipogeuka, Naftali alikuwa ameketi juu ya pipa la nta, mikono juu ya magoti, kama abiria.

"Brayo ni yule mfupi," alisema. "Alikunywa chai hapa. Alinionyesha picha ya nyumba anayojenga Kitengela."

Eucabeth alikuwa amejifunza kwamba dakika kama hii mkaguzi akifungua mdomo, huiharibu.

"Lete karatasi," Naftali alisema.

"Na ikama?"

"Lete karatasi kabla sijaanza kufikiri."

Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa za fundi, akinong'ona kila neno kabla ya kuliweka. Lini kisima kilichimbwa. Nani alitoa amri. Mara ngapi alimwambia bosi, na bosi alijibu nini. Pampu tatu, na tarehe zake. Alitaja hata asubuhi aliyosaini cheti akijua kilichoandikwa humo si kweli, na Eucabeth hakuwa amemuuliza hilo. Kurasa mbili na nusu. Alisaini kila ukurasa. Eucabeth alipiga picha zote na kumtumia Bwana Turki papo hapo, kabla hata ya wino kukauka, pamoja na vipimo vya maji na ombi moja: polisi wa Jeddah wafike kwenye kisima leo, si kesho.

Jibu lilikuja wakati wa adhana ya alasiri. *Wanakuja. Dereva aje Alhamisi kama shahidi.*

Alimwonyesha Naftali ujumbe huo. Aliusoma mara mbili, akamrudishia simu.

"Huyo Jackton," alisema. "Bado anadhani ni mguu wake?"

"Anasema alikanyaga mara nne. Analirudia kwa kila mtu."

Naftali alivua kofia ya kazi, akaiweka juu ya faili.

"Nipe namba yake," alisema. "Hilo nitamwambia mimi mwenyewe."